Mlinganyo wa Pili wa Kanduyi

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika kinuni Kitale nimevaa viatu vyeupe. Nasema hivyo ili mjue nilivyokuwa sijui lolote. Kinu cha chakula cha mifugo kina vumbi la wishwa, na vumbi hilo halina adabu: linaingia puani, kwenye nywele, hadi ndani ya chai. Kabla ya saa nne viatu vyangu vilikuwa vimegeuka rangi ya uji, na wanaume wa magunia walikuwa wamecheka mpaka wakaridhika. Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na alama nzuri ya hesabu, ila hakuna aliyekuwa amenieleza alama hiyo ingenifaa nini duniani.

Aliyenieleza ni Mkuu wa Uchanganyaji. Alikuwa mzee mfupi wa kutoka miteremko ya Mlima Elgon, mtu asiyepandisha sauti hata mitambo ikinguruma. Meza yake ilikuwa kando ya pipa kubwa la kuchanganyia, na ubavu wa pipa hilo ndio uliokuwa ubao wake. Hakunipa kalamu. Alinipa kipande cha chaki.

"Unajua milinganyo?" aliniuliza.

"Najua, mzee. Ile ya x na y."

"Hapa hakuna x. Hapa kuna wishwa na mashudu. Haya, andika."

Ninyi mliozaliwa juzi mnanunua chakula cha ng'ombe kikiwa tayari, gunia limeshonwa, kwa hiyo nitawaeleza. Wishwa ni makapi laini yanayobaki mahindi yakisagwa. Mashudu ni mabaki ya alizeti baada ya kukamuliwa mafuta. Yanakuja yakiwa vipande vigumu, kama vigae. Wishwa inashibisha, mashudu yanaleta protini, na ng'ombe asipopata protini hata umwimbie vipi hatakupa maziwa. Katika kilo kumi za wishwa, kilo moja tu ni protini. Katika kilo kumi za mashudu, kilo tatu. Nasi tulitakiwa tutoe chakula chenye protini kumi na sita kwa mia, na ndivyo gunia lilivyoandikwa kwa nje.

Sasa, ukitaka kuchanganya kilo mia tano, utatia wishwa kiasi gani na mashudu kiasi gani? Usiyoyajua ni mambo mawili, basi unahitaji habari mbili. Habari ya kwanza ni ya uzito: wishwa ukijumlisha na mashudu ni mia tano. Habari ya pili ni ya protini: sehemu moja ya kumi ya wishwa na sehemu tatu za kumi za mashudu, jumla yake ni themanini. Kila habari ukiiandika na alama ya usawa katikati, umepata mlinganyo.

Mkuu wa Uchanganyaji alikuwa na maneno manne, na aliyatamka kila asubuhi kama mtu anayesalimia: panga, sawazisha, toa, rudisha. Kupanga ni kuweka wishwa chini ya wishwa, mashudu chini ya mashudu, alama ya usawa chini ya mwenzake. Kusawazisha ni kuzidisha mlinganyo mmoja mpaka kitu kimoja kilingane juu na chini. Hapa ule wa protini tuliuzidisha wote kwa kumi, tukapata wishwa mara moja na mashudu mara tatu ni mia nane. Wishwa sasa ni sawa kotekote. Halafu unatoa: mlinganyo wa uzito unautoa katika ule wa protini, wishwa inafutika, na kinachobaki ni mashudu mara mbili ni mia tatu. Mashudu ni kilo mia moja na hamsini. Yaliyosalia katika mia tano, kilo mia tatu na hamsini, ni wishwa.

Wanaoanza wote hukosea mahali pamoja. Wanazidisha vilivyo kushoto mwa alama ya usawa, wanasahau namba ya kulia. Mzee hakuwa akigomba. Alikuwa akisema, "Huyu umemlisha, na huyu umemwacha na njaa. Rudia."

Neno la nne, rudisha, ndilo alilolipenda kuliko yote. Maana yake, ukishapata majibu yako uyarudishe katika milinganyo yote miwili uone kama yanakaa. Yakikaa katika mmoja tu, bado hujafanya kazi. Pipa halikuzunguka mpaka aone kwa macho yake kwamba umerudisha. Mimi nilikuwa na haraka ya ujana, nikamwambia siku moja kwamba jibu langu nalijua ni sahihi.

"Wewe unalijua," alinijibu. "Mlinganyo bado haujaambiwa."

Nilichukia kweli. Lakini baada ya miaka michache vijana wapya walipokuja, nikajisikia nikiwaambia maneno hayo hayo kwa sauti ile ile ya chini. Wanaume wa magunia wakanibatiza jina kwa lile neno la tatu, Dada Toa. Nilipozaa likawa Mama Toa, na hata leo nikipita sokoni Kitale kuna watu hawajui kwamba nina jina jingine.

Baadaye nilipelekwa Kachibora kusimamia duka la kinu. Kule kazi yangu ilikuwa kuuza na kueleza. Wakulima wa Cherangany ni watu wa maswali, na mmoja wao, mzee mwenye ng'ombe wake wawili aliowataja kwa majina kama watoto, alikuja kila wiki kunipinga.

"Madam, hizi hesabu zako ni sawa," alisema, "lakini ng'ombe wangu hajasoma."

"Hajasoma, mzee, lakini ndiye anayesahihisha."

Alicheka, akanunua gunia, na wiki iliyofuata akarudi kunipinga tena. Nilifurahia Kachibora. Ni kule nilikojifunza kwamba hesabu ikishatoka kwenye pipa inakwenda kuishi kwa mtu.

Miaka ya themanini ilipokuwa ikiishia, kinu kilifungua tawi Kanduyi, pale ukingoni mwa mji wa Bungoma, nami nikapelekwa kuwa Msimamizi wa Uchanganyaji. Cheo kilikuwa kirefu kuliko tawi lenyewe. Tulikuwa na banda moja, pipa moja la kuzungushwa kwa mkono, na mizani moja ya sakafuni ambayo ilifaa kupima magunia yaliyojaa. Kupima kila kiungo kwa mizani ile kungekula siku nzima. Kwa hiyo Kitale walitutumia maagizo kwa madebe: wishwa madebe hamsini, mashudu madebe kumi na matano. Walikuwa wamepima kwao, wakaona debe la wishwa ni kilo saba na debe la mashudu ni kilo kumi. Fanyeni hesabu wenyewe, mtakuta ni ile ile mia tatu na hamsini kwa mia moja na hamsini.

Mtunza stoo alikuwa Mama Nafula. Kabla ya kuajiriwa alikuwa mpimaji wa nafaka soko la Chwele, na watu walitoka mbali wakapita meza za wengine ili wapimiwe na yeye. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye sauti ya kwaya, na alikuwa na funguo za stoo shingoni kama wengine wanavyovaa rozari. Upimaji wote wa Kanduyi ulikuwa mikononi mwake. Mimi niliandika, nikapanga, nikatunza mchanganyiko na magunia. Ndani ya stoo nilimwachia. Tulielewana tangu siku ya kwanza. Aliniita binti yangu, maana alinizidi kama miaka kumi.

Mchanganyiko mmoja ulitakiwa utoe magunia kumi ya kilo hamsini. Kanduyi tulikuwa tunatoa kumi na mawili. Mnisikilize vizuri hapo. Kila mtu aliona, na kila mtu alifurahi. Meneja wa Kinu kule Kitale alitusifu mbele ya matawi mengine, akasema watu wa Kanduyi wana bidii. Sisi nasi tukavimba vichwa.

Kisha wakulima wakaanza kunung'unika kwamba chakula kimekuwa chepesi, maziwa hayapandi kama zamani. Afisa wa Mifugo akaja na mfuko wake mdogo, akachukua kidogo kidogo kutoka kila gunia la mchanganyiko mmoja, akaamuru magunia hayo yote kumi na mawili yakae pale pale yasiuzwe. Majibu ya maabara yaliporudi, protini ilikuwa kumi na tano kwa mia badala ya kumi na sita.

Asubuhi iliyofuata pikapu ya Meneja ilisimama mbele ya banda. Meneja wa Kinu alikuwa mtu mrefu, mkavu, wa haki kwa kawaida yake, na alikuwa na desturi moja tuliyoiogopa: akitaka kusema jambo baya alivua kofia kwanza. Aliingia stoo ameishika mkononi.

"Protini imepungua," alisema. "Protini iko kwa mashudu. Kwa hiyo mashudu yamepungua. Na magunia yameongezeka. Mtu ametoa mashudu, akajaza wishwa mahali pake. Funguo ya stoo iko na nani?"

Jibu lilikuwa linaning'inia shingoni mwa Mama Nafula.

"Ati mimi?" alisema. "Mzee, mimi? Mimi nimepimia watu Chwele miaka yote hiyo, hakuna mtu alitoka kwa meza yangu akilia. Leo ndiyo nimekuwa mwizi wa chakula ya ng'ombe?"

"Sitaki kelele, mama. Utaacha funguo hapa, halafu tutaenda pamoja kituo cha polisi uandike maelezo."

Mama Nafula alivua funguo, akampa, akakaa chini juu ya gunia. Jumamosi ile wakwe walikuwa waje kwake kuposa binti yake wa kwanza. Bungoma nzima, au angalau Bungoma yake, ilikuwa inajua. Alikuwa ameshaazima vikombe.

"Wakwe wanakuja Jumamosi," aliniambia, sasa kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia. "Wataambiwa mama ya msichana ako wapi?"

Nilisikia hasira, na nilisikia woga. Hasira kwa sababu nilimpenda yule mama. Woga kwa sababu maneno ya Meneja yalikuwa yamepangika vizuri mno, na hata mimi nilipoyafuata moja moja sikuona tundu. Nilisimama pale nikitazama magunia kumi na mawili yaliyowekwa kando, na ghafla nikamsikia Mkuu wa Uchanganyaji akiniuliza kwa ile sauti yake ya chini: mambo usiyoyajua ni mangapi?

"Mzee," nilimwambia Meneja, "umekuja na mlinganyo mmoja. Vitu visivyojulikana ni viwili."

"Unasema nini?"

"Kumi na tano kwa mia inaweza kutoka mashudu yakipungua. Inaweza pia kutoka wishwa ikizidi, na mashudu yakiwa yote. Kwa habari moja huwezi kujua ni ipi. Nipe ya pili. Tupime magunia haya yote, tujue mchanganyiko mzima ulikuwa na uzito gani."

Meneja alinitazama, akatazama saa, akatazama magunia. Nilijua angeweza kukataa. Ndipo Mama Nafula akanishika mkono wa koti langu la kazi.

"Binti yangu, na kama hiyo hesabu itasema ni mimi?"

"Basi itasema, mama," nilimjibu. Kama mashudu yangetoka pungufu, mkono wangu mwenyewe ndio ungekuwa umemfunga.

Alifikiri, kisha akainuka kutoka kwenye gunia. "Pima," alisema.

Tuliyapandisha mizanini moja baada ya jingine, Meneja akisoma mwenyewe. Kila gunia lilikuwa kilo hamsini, hakuna lililopunjwa. Jumla mia sita. Nilichukua chaki nikaandika kwenye ubavu wa pipa, kama nilivyofundishwa. Mlinganyo wa kwanza: wishwa na mashudu ni mia sita. Wa pili: kumi na tano kwa mia ya mia sita ni tisini, kwa hiyo sehemu moja ya kumi ya wishwa na sehemu tatu za kumi za mashudu ni tisini. Nikapanga. Nikazidisha ule wa pili kwa kumi, kushoto na kulia, bila kumwacha mtu na njaa: wishwa na mashudu mara tatu ni mia tisa.

Hapo Meneja alisogea karibu. Akachukua chaki mkononi mwangu, akatoa mwenyewe, akinena kwa sauti.

"Wishwa na wishwa, hakuna. Mashudu mara tatu toa mashudu, mara mbili. Mia tisa toa mia sita, mia tatu." Akagawanya kwa mbili. "Mashudu ni mia moja na hamsini."

"Agizo la Kitale linasema mangapi?" nilimuuliza, ingawa sote tulijua.

"Mia moja na hamsini," alisema. Halafu akasema neno ambalo nusura linitoe machozi: "Ngoja. Turudishe." Kumbe hata yeye alipitia kwa mzee wetu wa Uchanganyaji kabla hajapanda cheo. Akarudisha. Wishwa mia nne na hamsini na mashudu mia moja na hamsini, ni mia sita. Arobaini na tano za protini na arobaini na tano nyingine, ni tisini. Yalikaa kotekote.

"Mashudu yako yote," alisema Meneja. "Hakuna aliyegusa mashudu." Akamgeukia Mama Nafula, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Lakini mama, wishwa imezidi kilo mia moja katika kila mchanganyiko. Inatoka wapi? Hebu nionyeshe vile unapima."

Mama Nafula alijifunga leso vizuri, akavuta debe. Akachota wishwa kwa sepetu, akajaza. Akalitikisa debe. Akaishindilia wishwa kwa viganja viwili. Akaongeza. Kisha akaijenga juu kwa mikono, pole pole, mpaka debe likawa na kilele kilichosimama kama kichuguu, na asimwage hata punje.

"Mama, unafanya nini?" Meneja aliuliza.

"Napima."

"Na mashudu?"

"Mashudu ni mawe, mzee. Ukiweka juu inaanguka. Hiyo najaza tu mpaka mdomo."

Tukajaza madebe kumi ya wishwa kwa mkono wake, tukayapima pamoja. Kilo tisini. Tisa kwa kila debe badala ya saba. Zidisha kwa hamsini, mia nne na hamsini. Meneja alikitazama kile kilele, akaanza kucheka, na Meneja wetu hakuwa mtu wa kucheka.

"Kwani Kitale debe linapimwa namna gani?" Mama Nafula aliuliza, sasa yeye ndiye mwenye hasira.

"Tunapitisha ubao juu. Usawa na mdomo."

"Usawa!" alisema. "Hiyo ni debe ya mchoyo. Chwele ukipimia mtu usawa anakuachia nafaka yako anaenda zake. Na ng'ombe ni wa mtu pia, si ndiyo?"

Kitale hakuna aliyewahi kufikiri kwamba kuna debe la namna nyingine. Chwele vivyo hivyo. Meneja alimwomba msamaha mbele yetu sote, kwa maneno, hakuzunguka. Akamrudishia funguo, kisha akavaa kofia yake.

Wiki ile ile fundi alitutengenezea ubao wa kusawazishia, na Mama Nafula akautumia kila siku, akilalamika kwamba unamfundisha uchoyo uzeeni. Protini ikarudi kumi na sita, magunia yakarudi kumi, na hakuna aliyetusifu tena kwa bidii. Jumamosi wakwe walikuja. Nilikuwa jikoni nikiosha vile vikombe vya kuazima, nikimsikia akiimba sebuleni, na nilifurahi kama vile ni mimi niliyekuwa nikiozesha.

Miaka ya tisini ilileta mengi. Viwanda vidogo vya chakula cha mifugo vilichipuka kila kona, na wateja wetu wakagawanyika. Kitale wakanunua kompyuta, na kijana mmoja akatumwa kutuonyesha inavyochanganya viungo kumi kwa mara moja. Wenzangu walidhani nitanuna. Nilimuuliza tu ndani yake inafanya nini. Alinieleza kwa upole, na nikasikia kwamba inapanga, inasawazisha, inatoa, na ikishamaliza inarudisha. Nikamwambia anisogezee kiti nijifunze.

Nimestaafu sasa. Wajukuu wananiletea kazi zao za shule, na wakifanya haraka nawaambia mlinganyo bado haujaambiwa. Wanachukia, kama nilivyochukia. Majirani nao wananiletea habari za watu: fulani amefanya hivi, kwa hiyo ni hivi. Nawauliza mlinganyo wa pili uko wapi. Wengi hawana. Wengine huenda kuutafuta, na hao wananipa matumaini kuliko shahada zote ninazoona zimetundikwa ukutani.

Siku niliyoagwa Kanduyi kulikuwa na hotuba na soda. Meneja alisema maneno mazuri, kofia ikiwa kichwani. Watu walipokwisha kutawanyika, Mama Nafula alikuja kutoka upande wa barabara amejitwika debe la maharagwe, akitembea taratibu, shingo imenyooka. Alilitua mbele yangu. Lilikuwa na kilele kirefu kuliko vyote nilivyowahi kumwona akijenga.

"Mama, ubao uko wapi?" nilimtania.

"Ubao nimeacha kazini," alisema. "Beba, binti yangu. Na usiende kupima."

Sikupima.